Makofi ya Kwanza

"Roz, nitajuaje kama umekwisha?"

Neville Duffield alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na suti yake ya mazishi, kwani hakuwa na nyingine, tai ikining'inia mkononi. Binti yake Rosalind alikuwa amebana pini mbili za nywele kwa meno, anamchana nywele mama yake, waliyemtoa nyumba ya wazee kwa siku ile, aliyeketi kitini ametulia tuli, macho yake yako dirishani kule kwenye malisho yasiyo na ng'ombe.

"Nini kimekwisha, Baba?"

"Muziki wako. Usinifanye mjinga, unajua ninachouliza."

Alijua sana. Neville aliwahi kuhudhuria tamasha la bintiye mara moja tu, mjini Hobart, wakati Rosalind bado msichana na kazi yake ya kwanza inapigwa mbele ya watu wenye viatu vinavyong'aa. Muziki ule ulikuwa na sehemu tatu. Ilipokwisha ya kwanza, Neville akapiga makofi kwa nguvu zote za mkamuaji wa ng'ombe, peke yake, ukumbi mzima kimya. Wapenzi wa muziki huo hawapigi makofi katikati. Wanangoja mwisho wa yote, na asiyejua hilo anajulikana palepale. Bwana mmoja wa kiti cha mbele akageuka, akamtazama kuanzia usoni hadi miguuni, kisha akarudisha shingo yake taratibu bila kusema neno. Angesema, Neville angemjibu na mambo yangeishia hapo. Tangu siku hiyo, kila alipoalikwa alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa, hata ile miezi ambayo Tasmania nzima hakuna ng'ombe anayezaa.

Sasa ng'ombe wote walishauzwa, na kisingizio kikaondoka nao.

"Tazama pinde zao," Rosalind alisema alipotoa pini mdomoni. "Wapigaji ni wanne, na kila mmoja ana upinde wake. Pinde zikiwa juu ya nyuzi, hata kama husikii kitu, bado. Wakizishusha mapajani, wote wanne, basi imekwisha. Hapo piga makofi mpaka viganja viwake moto."

"Wote wanne."

"Wote wanne, Baba."

"Mapajani."

"Mapajani. Hebu lete hiyo tai kabla hujajinyonga nayo."

Glenys, mama yake, akageuka kumtazama mumewe na ile suti, akatabasamu. "Mzee huyu anakwenda kuoa?"

"Nilishaoa," Neville akasema. "Nilipata hasara moja, inatosha."

"Maskini. Nani aliyekukubali?"

"Mwanamke mmoja hivi, hakuwa anaona vizuri."

Glenys akacheka kweli, na Neville naye akacheka. Kwa muda mfupi jiko lile likawa kama lilivyokuwa zamani. Kisha Glenys akauliza wanakwenda wapi. Rosalind akamwambia wanakwenda kusikiliza muziki.

"Muziki wa nani?"

"Wangu, Mama. Mimi ndiye niliyeutunga."

"Ee, hongera sana," alisema Glenys, kwa adabu ile anayopewa mtu uliyekutana naye kwenye foleni dukani. Rosalind akarudi kuchana nywele ambazo zilikuwa tayari zimechanwa.

Muziki ule haukuwa wa Rosalind hasa. Ulikuwa wa Glenys, ila Glenys mwenyewe hakujua. Miaka yote walipokuwa na ng'ombe, Neville alishinda kwenye banda la kukamulia, katikati ya kelele za mashine, na Glenys ndiye aliyekwenda malishoni kuwaita. Aliwaita kwa mluzi. Nusu ya kwanza ya mluzi ilipanda juu, halafu ananyamaza. Ananyamaza hasa, hata mtoto aliyesimama pembeni yake na mabuti ya mpira anaanza kufikiri mama amesahau. Alikuwa anamngoja Biddy, jike mwekundu aliyeongoza kundi, ainue kichwa na kugeuka. Biddy akishageuka, ndipo Glenys anamalizia nusu ya pili, ile inayoshuka taratibu, na kundi zima linaanza kutembea kuelekea nyumbani. Mtoto mwenye mabuti alikuwa Rosalind. Neville hakuwahi kuusikia mluzi ule. Alichokiona yeye ni ng'ombe wanaofika bandani, akadhani wanakuja kwa njaa.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla Glenys mengi. Ulikula majina, ukala nyumba, ukala hata kama anapenda sukari kwenye chai. Nyimbo ndizo zilizobaki, nazo zilikuwa zimeanza kuchomoka moja moja. Majira ya joto Rosalind alimpigia nusu ya kwanza ya ule mluzi, na Glenys akamalizia bila kufikiri. Baridi ilipoingia, alimalizia baada ya kusita sana, kwa aibu, kama mtu anayeulizwa swali shuleni. Muuguzi wa nyumba ya wazee alimokaa Glenys alimwambia Rosalind bila kuzunguka: "Kama kuna kitu unataka mama akisikie, mpenzi, usingoje Krismasi."

Ndiyo maana Rosalind aliwabembeleza wapigaji wake wanne wavuke bahari kutoka Melbourne na kupiga kazi ile mpya hapa kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa mjini Ulverstone, kabla ya mji wowote mkubwa. Hakutaka sifa. Alitaka mama yake ausikie mluzi wake ukipigwa na fidla za watu, wakati bado anajua kwamba ni wake. Basi, hilo tu.

*

Mlangoni pa ukumbi alikaa Bi Trethewey, aliyekuwa mkuu wa kamati ya kanisa, anagawa karatasi za ratiba. Akampa Neville moja, akampa Rosalind moja pamoja na busu la shavuni, kisha akamtazama Glenys na mkono wake wenye karatasi ukabaki hewani.

"Huyu ataweza kukaa kimya?" alimuuliza Rosalind, kwa sauti ile ambayo watu huidhani ni ya chini.

"Huyu ana jina," Neville akasema.

"Sikumaanisha vibaya, Neville. Kuna watu wametoka Devonport kuja kusikiliza, na mwaka jana tulikuwa na yule mzee aliyekuwa anaimba."

"Kwenye nyumba yetu kimya tunakijua. Tumekaa na ng'ombe, na ng'ombe hawapayuki."

Bi Trethewey akawa mwekundu. Rosalind alitamani ardhi ipasuke. Lakini kilichomchoma zaidi kilitoka kwa mama yake mwenyewe, aliyemwinamia Bi Trethewey na kumwambia kwa unyenyekevu, kama mtoto aliyeonywa, "Nitanyamaza. Nawaahidi."

Wakaketi mstari wa tatu, Glenys katikati. Ukumbi ulijaa kuliko Rosalind alivyotegemea. Alitakiwa kusema maneno machache kabla ya muziki, kama watunzi wanavyofanya siku hizi. Alisimama akawashukuru wapigaji, akamshukuru aliyeoka keki, akaketi. Hakusema kwamba kazi hii ni ya mama yake, maana Glenys hakupenda kutazamwa. Wala hakusema neno kuhusu kimya kile kirefu kinachokuja karibu na mwisho, kwa sababu aliamini kimya kikishaelezwa hakina kazi tena. Watunzi wana maringo yao, na hilo lilikuwa lake.

Wapigaji wakainua pinde. Fidla ya kwanza alikuwa Kelvin Ong, mwembamba, mpole. Kwenye selo, ile fidla kubwa inayosimama kati ya magoti, alikuwa Tamsin, rafiki wa Rosalind tangu wakiwa chuo. Pembeni yao fidla ya pili na viola, fidla yenye sauti nzito kidogo. Wakaanza.

Mwanzoni Glenys alihangaika. Alikunja ile karatasi, akaikunjua, akavuta kifungo cha sweta yake. Rosalind aliona vifungo vyenyewe vimefungwa kombo, kimoja kimerukwa, na yeye ndiye aliyemvalisha. Neville hakuhangaika hata kidogo. Alikaa mbele kabisa ya kiti chake, mikono mikubwa juu ya magoti, akizikodolea macho pinde nne kama zamani alivyowakodolea macho ng'ombe waliokuwa wanaumwa. Sehemu ya kwanza ikaisha. Wapigaji walibaki na pinde zao hewani, na Neville akabaki kimya, akamtupia bintiye jicho la ushindi. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mawili, akajishtukia. Neville akatikisa kichwa kidogo, kwa huruma ya mtu anayejua. Rosalind alilazimika kuuma mdomo asicheke. Alimpenda baba yake wakati ule kupita kiasi.

Sehemu ya mwisho ilianza chini sana, kwenye selo peke yake. Taratibu nyuzi nyingine zikaingia, zikawa nzito, zikawa kama ukungu wa asubuhi ulivyokuwa ukikaa juu ya majani ya malishoni. Halafu kutoka ndani yake fidla ya Kelvin ikapanda, peke yake, nyembamba, safi. Ilikuwa nusu ya kwanza ya mluzi.

Glenys akaacha kuvuta kifungo.

Fidla ikafika juu, ikakoma. Kimya kikaanza.

Rosalind hakuwatazama wapigaji. Alimtazama mama yake. Kidevu cha Glenys kilikuwa kimeinuka, na macho yake yametulia mahali fulani mbali, ng'ambo ya ukuta wa kanisa. Alikuwa anangoja. Hakuwa amechanganyikiwa, hakuwa ameduwaa. Alikuwa anangoja kama alivyokuwa akingoja malishoni. Kisha midomo yake ikaanza kukusanyika polepole, ikaviringa, na kifua chake kikajaa pumzi. Rosalind aliona, na machozi yakamjaa, kwa sababu alikuwa hajawahi kuota kitu kizuri kama hiki: mama yake atamalizia mwenyewe, pamoja na fidla, mbele ya watu.

Wakati huohuo, kule mbele, wapigaji wanne walishusha pinde zao mapajani.

Nusu ya pili inapigwa kwa sauti ya mbali, na ili fidla itoe sauti hiyo mpigaji huchomeka kibano kidogo juu ya nyuzi. Kukichomeka kunataka mkono mtupu, kwa hiyo upinde unashushwa. Rosalind ndiye aliyeandika hivyo kwenye nota, kwa kalamu yake mwenyewe: shusheni pinde, chomekeni vibano, msiharakishe. Na asubuhi, akiwa na pini za nywele kwenye meno, hakukumbuka.

Wote wanne. Mapajani.

Neville Duffield akapiga makofi.

Yalikuwa makofi ya mtu ambaye ameyaweka tangu Hobart. Yalilia kama mbao zinazogongana. Akasimama nayo, na mstari wa nyuma ukasimama, na ukumbi mzima ukafuata, kwa sababu mzee mwenye uhakika namna ile lazima awe anajua. Rosalind aliiona midomo ya mama yake ikitoa ile pumzi. Kama kulikuwa na mluzi ndani yake, hakuna aliyeusikia. Glenys alitazama kulia, akatazama kushoto, watu wote wamesimama wanapiga kelele, na mikono yake ikabaki mapajani.

Kelvin alimtafuta Rosalind kwa macho. Kibano kilikuwa bado kwenye vidole vyake, na nyusi zake ziliuliza: tuendelee? Ilitosha Rosalind ainue kiganja. Watu wangeketi, wangecheka kidogo kwa aibu, na muziki ungeendelea. Mama yake angesikia.

Na wangegeuka. Si bwana mmoja safari hii, bali ukumbi mzima, wangegeuka kumtazama mzee wa suti ya mazishi aliyesimama peke yake mstari wa tatu. Neville alikuwa amemgeukia bintiye, uso umewaka, machozi yanamtiririka bila yeye kujali, anapiga makofi huku akimwonyesha kwa kichwa: umeona? Nimepatia. Umeona?

Rosalind alisimama. Aliwageukia watu, akainama kuwashukuru.

*

"Kurasa mbili hazikupigwa, Roz," Tamsin alimwambia kwenye chumba cha nyuma, huku nje vikombe vya chai vinagongana. "Zile kurasa mbili ndizo kazi yenyewe. Hayo mengine yote ni njia ya kufika pale."

"Najua."

"Unajua, halafu unainama? Nilikutazama. Nilidhani unatania."

"Alikuwa baba yangu, Tamsin."

Tamsin alikaa juu ya kasha la selo, akajipangusa macho kwa kiganja, hasira zikimtoka taratibu. "Basi mlete mama humu," alisema. "Sasa hivi, peke yake. Tutampigia hata kama Kelvin ameshafungasha. Baba yako si anakula keki?"

Rosalind alikuwa ameshageuka mbio kwenda kumchukua mama yake, na mlangoni akakumbana nao wote wawili. Neville alikuwa amemvalisha Glenys koti na kofia, amemshika kiwiko.

"Tuondoke, Roz. Jua linaanza kuinama, unajua anavyokuwa." Kisha akamwona Tamsin, akavua kofia yake. "Binti, mmepiga vizuri sana. Mimi si mtu wa mambo haya, lakini leo nilifuata. Nilifuata mwanzo hadi mwisho."

"Asante, Bwana Duffield."

"Nilitazama pinde. Roz alinifundisha. Kuna mmoja nyuma alikosea kule katikati, ulimsikia? Mimi nilingoja." Alisita, ghafla akawa kama mtoto anayesubiri matokeo. "Nilipatia, sivyo? Pale mwisho?"

Tamsin alimtazama Rosalind. Kisha akanyanyuka, akaushika mkono ule mkubwa kwa mikono yake miwili. "Ulipatia kabisa," akasema. "Ungechelewa, tungebaki tumekaa pale kama wajinga."

Neville alicheka hadi akakohoa. Glenys alikuwa ameanza kuvuta kifungo cha koti na kuuliza nani atafunga geti la malisho. Hapakuwa na la kufanya. Wapigaji wanarudi Melbourne na meli ya jioni, na Glenys giza likimkuta njiani huanza kulia na kutaka kushuka kwenye gari. Rosalind alimbusu Tamsin, akawafuata wazazi wake nje.

*

Neville aliendesha. Glenys alikaa mbele, Rosalind nyuma, na mzee hakunyamaza tangu walipotoka mjini.

"Bi Trethewey alinifuata mwenyewe, na keki kwenye kisahani. Anasema, Neville, sikujua wewe ni mtu wa muziki. Nikamwambia, kuna mengi huyajui." Akapiga usukani kidogo. "Bwana yule wa Hobart angekuwepo leo. Sijui kama bado yu hai. Natumaini yu hai. Roz, utaiweka kwenye mtandao kama zile nyingine? Nataka shangazi yako aisikie kule Perth. Na makofi uyaache, usiyakate."

"Sitayakata, Baba."

"Maana watu hukata makofi."

"Nitayaacha yote."

Aliposema hivyo, Rosalind alijua kwamba kurasa zile mbili zimekufa. Hazitapigwa Melbourne wala popote pale, kwa sababu siku moja Neville angesikia, angehesabu, angeelewa. Kazi itaishia kwenye kimya. Watu watasema ni mwisho wa ajabu, na wengine watausifu.

Barabara iliingia kati ya malisho ya watu, na ng'ombe wa mtu fulani walikuwa wamesimama karibu na uzio, weusi kwenye mwanga uliobaki. Glenys aliwatazama hadi wakapita.

"Kwa nini hawakumaliza?" akauliza.

"Nani, mke wangu?"

"Wale. Wa fidla. Waliacha katikati."

"Walimaliza, mpenzi. Watu wote walipiga makofi. Mimi ndiye niliyeanza."

"Hawakumaliza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya zamani, ile ya kusahihisha hesabu za mtoto mezani. "Alikuwa bado hajageuka. Huwezi kwenda kabla hajageuka."

"Nani hajageuka?"

"Biddy."

Neville akamtafuta bintiye kwenye kioo, na macho yake yaliyokuwa na furaha yote ile yakajaa huzuni. Akatikisa kichwa polepole. "Ameanza," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua tumechelewa kuondoka." Kisha akamgeukia mkewe, kwa upole ambao hakuwa nao ujanani. "Muulize Roz basi. Si ndiye mwenye muziki? Muulize yeye."

Glenys akajigeuza kitini kwa shida, mkanda ukimzuia, akamtazama binti yake. Alimtazama kwa muda. Rosalind aliona kitu kikija machoni mwa mama yake, kutoka mbali, na kufika.

"Roz," Glenys alisema. Alikuwa hajamtaja jina tangu asubuhi, wala wiki ile yote. "Roz, mwanangu. Ilikuwa imekwisha?"

Mluzi ulikuwa mdomoni. Rosalind aliusikia ndani ya mashavu yake, nusu nzima ya pili, kila nota, unangoja tu pumzi. Mbele yake palikuwa na macho ya baba kwenye kioo, na viganja vyake juu ya usukani, bado vyekundu.

"Ilikuwa imekwisha, Mama," akasema.

"Aa." Glenys akarudi mbele taratibu. Akajitengenezea kofia. "Basi ni kichwa changu hiki. Mnisamehe."

"Hakuna kosa, mpenzi," Neville akasema, akampapasa goti.

Glenys akainua mikono yake, akaitazama kama mtu aliyekumbuka wajibu.

"Na mimi sikupiga," alisema. "Watu wote walimpigia mtoto, mimi nimekaa tu. Ataniona sina adabu."

Akaanza kupiga makofi. Aliyapiga polepole, kwa adabu, viganja vikavu vikigusana ndani ya gari, na hakuacha hadi walipofika kwenye geti la nyumba ya wazee na mtu akatoka kuja kumpokea.